Daktari wa Ghorofa ya Nne na Chai Yake

Tulimwita Daktari, na hilo lilikuwa kosa letu la kwanza. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari, tena mwanafunzi mkongwe: aliwapokea watu wakiingia mwaka wa kwanza, akawasindikiza uwanja wa ndege wakiwa na shahada zao mkononi, kisha akarudi bwenini kupasha kiporo. Sababu za kutomaliza alikuwa nazo tele. Mara profesa ana chuki, mara mtihani umesogezwa mbele bila yeye kuambiwa, mara barua ya nyumbani imechelewa. Nilipofika Guangzhou, China, miaka ya tisini ikiwa inaelekea ukingoni, yeye alikuwa na umri wa kuwa mjomba wangu, na bado aliishi bweni la wageni, ghorofa ya nne, chumba cha mwisho kabisa, mlango unaotazamana na choo. Kikumbukeni hicho choo.

Koti jeupe hakulivua. Watu wengine huvaa koti la udaktari wakiingia wodini. Yeye alilivaa akienda kununua vitunguu. Mwezi wa saba, jua la Guangzhou linakukamua kama nguo iliyofuliwa, yeye yumo ndani ya koti, kipimo cha kusikilizia moyo kikimning'inia shingoni, anachagua bamia. Wanawake wa sokoni walimheshimu sana. Walimwongezea majani ya vitunguu na kumwonyesha magoti yao yanayouma, naye aliyabonyeza magoti hayo kwa uso mzito, akatikisa kichwa, akaondoka na majani yake.

Kichina alikijua, na hilo liliniudhi kuliko yote. Mimi nilikesha na daftari nikiandika neno moja mara hamsini, na asubuhi neno limeshatoroka. Yeye alisimama mbele ya muuza samaki akasema, "Laoban, bosi wangu, hiyo bei ya rafiki yako au ya mkweo?" Muuza samaki akacheka mpaka akashika meza. Mtu mwenye kipaji kile, halafu mitihani inamshinda! Ningekuwa na ulimi wake ningemaliza shahada mbili.

Alipenda kusema kwa misemo, na misemo yenyewe aliitunga mwenyewe. Angetoa mmoja, kisha anyamaze atusubiri tuitikie. "Mtu mzima hapimwi joto." Maana yake nini? Hakuna aliyejua, lakini wote tuliitikia. "Kitabu ni mzigo, akili ni mbebaji." Haya. Na ule aliokuwa akiurudia kila Jumamosi mchana, akitupenyeza mlangoni mmoja mmoja kama wezi wa kuku: "Moshi una miguu, chai haina."

Huo ulihusu chai yake, na chai yake ndiyo iliyompa jina kuliko koti.

Habari zilizoenea bwenini, kwa kunong'onezana, ni kwamba Daktari ana bangi. Bangi ya nyumbani, ya milimani, aliyoletewa na baharia mmoja kupitia Hong Kong. Alikuwa haivuti, kwa sababu moshi ungeshuka ngazi hadi kwa mlinzi wa getini, na katika nchi ile hilo halikuwa jambo la mchezo. Yeye aliipika. Alifunga dirisha, akatandika taulo lililoloweshwa chini ya mlango, akafungulia redio ile opera yao ya kelele, akatoa sufuria ya umeme ya kupikia wali ambayo nayo ilikuwa marufuku vyumbani. Kisha akafungua sanduku lenye kufuli, akatoa kopo la biskuti lililofungwa kwa kipande cha kitenge, akatugeuzia mgongo na kuanza kutwanga. Kutwanga kwake hatukuruhusiwa kukuona. Tulisikia tu kinu kidogo kikigonga, huku mabega yake yakitikisika ndani ya koti jeupe.

Baada ya hapo ndipo alipogeuka na kutia maziwa ya unga, tangawizi, mdalasini na iliki aliyoletewa na mama yake. Niseme ukweli, maana sitaki kuonekana ninamchukia mtu hadi namnyima haki yake: chai ilikuwa tamu. Ilikuwa nzito, nyeupe, yenye ladha iliyokaribia karanga zilizokaangwa. Ingeuzwa mgahawani, watu wangepanga foleni.

Jumamosi yangu ya kwanza nilikuwa na wiki tatu tu mjini. Tulikuwa watu sita, wengine kitandani, wengine sakafuni, vikombe vya bati mikononi. Mkenya mmoja aliyekuwa akisoma ujenzi alikunywa nusu kikombe, kisha akanyoosha kidole. "Buda, cheki hizi kuta! Zinalia! Walai zinalia machozi!"

Tukatazama. Kuta zilikuwa zinatiririka maji. Daktari akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetarajia hayo. Ilikuwa mwezi wa tatu, na mtu yeyote aliyeishi Guangzhou anajua kwamba mwezi wa tatu kuta zote za mji ule hutoa jasho, za benki, za kituo cha polisi, hata za bibi anayekunywa maji matupu. Lakini sisi tulikuwa wageni. Tulizikodolea macho zile kuta kwa heshima.

"Na wewe, mdogo wangu?" Daktari akaniuliza. "Unaonaje?"

Sikuona kitu. Nilisikia tumbo likiguruma kidogo, basi. Lakini macho yote yalikuwa kwangu, na kusema huoni kitu kulikuwa sawa na kukiri ushamba.

"Naona dari inashuka," nikasema.

Wakapiga makofi. Mkenya akanikumbatia. Kuanzia siku ile nilikuwa mwenzao; nikaazimwa baiskeli, nikaonyeshwa kantini yenye pilipili. Dari haikuwa imeshuka hata unywele.

Kilichoshuka kilikuwa kingine. Saa chache baadaye ule mlango wa choo wa kutazamana na Daktari haukupumzika. Tulipishana pale kama abiria wa stesheni. Daktari alikuwa na maelezo: "Ni sumu za mwili zinatoka. Ukiona hivyo ujue mzigo ni wenyewe." Tukaitikia tena. Vijana sita, wote tumechaguliwa na serikali zetu kwa akili zetu nyingi.

Sasa, nimesema sitaki kumnyima haki yake, kwa hiyo nitasema na hili, ingawa linanichoma. Yeye ndiye aliyekwenda stesheni ya treni kumpokea kila mgeni wa kutoka kwetu, hata asiyemjua. Idi ilipofika alipika pilau la bweni zima, Waislamu na Wakristo, na akaosha masufuria mwenyewe. Kijana mmoja alipougua malaria aliyokuja nayo kutoka nyumbani, Daktari alimbeba mgongoni ghorofa nne hadi chini. Kisha jioni yake alimsimulia kila mtu jinsi alivyombeba, na kadiri alivyosimulia ndivyo mgonjwa alivyozidi uzito. Ndivyo alivyokuwa. Wema wake ulikuwa wa kweli, ila haukujua kunyamaza.

Kaka yangu alikuja Guangzhou mwaka uliofuata. Yeye si mtu wa vitabu. Ni mfanyabiashara wa mikoba. Alifikia nyumba ya wageni karibu na stesheni, na kila siku alipanda basi kwenda Shiling, mji wa viwanda vya mikoba, kutazama mikoba ikishonwa, anavuta zipu moja baada ya nyingine, bosi wa kiwanda akimwambia "meiyou, meiyou", hakuna, hakuna, kila alipoulizia rangi aitakayo. Ni mtu wa swala tano, mpole, mwenye watoto wanne. Hajawahi kuvuta hata sigara.

Lakini safari na vyakula vya ugenini vilimfunga tumbo. Siku nne hakupata choo. Nikamtaja mbele ya Daktari, na Daktari akafufuka.

"Mlete kwangu."

"Daktari, kaka yangu ni mtu wa dini."

"Dawa si kilevi. Dharura ina mlango wake."

Fatwa ikatolewa na mtu ambaye Ramadhani ilikuwa ikimkuta kantini. Kaka alikuja, akasita, akasema bismillahi, akanywa. Asubuhi yake alikuwa mtu mpya. Alinipigia simu bwenini kunishukuru. "Yule bwana ni bingwa," akasema. "Lakini Mungu anisamehe, mdogo wangu, nimekunywa bangi."

Wiki moja baadaye tumbo likamshika tena, safari hii upande wa kulia, chini. Alijikunja kwenye teksi hadi bwenini kwetu akiwa na jasho la baridi. Daktari akambonyeza, akasikiliza kwa kile kipimo chake, akatangaza kwamba ni lile lile tatizo la choo limerudi. Sufuria ikawekwa. Kaka akanywa kikombe kizima, na cha pili.

Usiku hakulala. Siku ya pili alikuwa na homa, na hakuweza kunyoosha mguu. Nikasema twende hospitali.

"Hospitali?" Kaka alinitazama kama niliyemtukana. "Wakinipima damu?"

Hapo ndipo penyewe. Kaka aliamini kwamba ndani ya damu yake kuna bangi, kwamba muuguzi ataiona, kwamba polisi wataitwa. Kichwani alimwona mke wake akipewa habari ile Kariakoo. Aliwaona watoto wakiambiwa baba amefungwa China kwa dawa za kulevya, haji aliyeheshimiwa mtaa mzima. Aliona afadhali tumbo.

Nilimgeukia Daktari. Neno moja lake lingetosha. Alikuwa amesimama karibu na sufuria yake, Mkenya yuko mlangoni, na wengine wawili nyuma yake.

"Kupimwa damu ni kawaida hapa," Daktari akasema, akitazama dirisha. "Tungoje kidogo. Inaweza kutulia."

Kaka akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Wewe uliinywa kabla yangu. Niambie wewe. Ni kali kweli?"

"Ni kali, kaka," nikasema. "Mimi niliona dari inashuka."

Basi akajilaza tena kwenye kitanda changu, akageukia ukutani.

Siku ya tatu asubuhi maumivu yakakatika ghafla, akatabasamu, akasema alhamdulillah. Hata mimi nilifurahi. Baada ya saa chache tumbo lilikuwa gumu kama ubao na midomo yake imekuwa ya kijivu. Sikumuuliza mtu tena. Mimi na Mkenya tulimshusha ngazi ndani ya blanketi, tukasimamisha teksi, na Daktari akaingia kiti cha mbele bila kualikwa, na koti lake.

Hospitalini alipokewa na daktari mpasuaji, mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyembonyeza mara moja tu. Akauliza swali, na Kichina changu cha mwaka mmoja kilitosha kulielewa: amekula nini, amekunywa nini siku hizi tatu?

Kaka hakujua lugha lakini alilijua swali. Akavuta shati langu. "Usiseme. Nakuomba mdogo wangu, wanangu, usiseme."

Nilimtazama Daktari. Mtu wa maneno mengi vile, alikuwa anatazama viatu vyake. Mpasuaji akarudia swali kwa sauti kubwa. Na Daktari, kwa kile Kichina chake kizuri, akajibu neno moja, taratibu:

"Huomaren."

Neno hilo nililijua! Nililijua tangu wiki yangu ya kwanza. Nje ya geti letu palikuwa na kibanda cha vinywaji vya mitishamba, na bibi mwenye mtungi wa shaba, na bibi huyo alinifundisha kusoma kibao chake kwa kuninyooshea kidole. Huomaren ni mbegu. Ni mbegu za mmea huo huo wa bangi, sikatai, ila hazilevyi hata kuku. Wanazisaga, wanazipika uji mweupe mtamu wenye ladha ya karanga, na wanaouagiza ni vikongwe waliokaa siku tatu bila choo. Zinauzwa wazi, kwa mizani, mbele ya polisi wa trafiki.

Bangi ya milimani. Baharia wa Hong Kong. Kufuli, taulo, opera.

Mpasuaji akavua miwani. "Wewe si unasoma udaktari? Tumbo kama hili unalipa haluli, dawa ya kuendesha?"

Kidole tumbo cha kaka kilikuwa kimepasuka, na usaha umesambaa. Walimkimbiza ndani. Tulikaa kwenye benchi hadi jua likazama, Daktari upande mmoja na mimi upande mwingine, na katikati yetu nafasi ya watu watatu. Wakati mmoja alifungua mdomo. Nikamwambia, "Ukisema msemo nitakupiga."

Kaka alipona. Alilala wodini wiki nyingi, mikoba ikasafiri bila yeye kuikagua, na nusu yake ilifika na zipu mbovu. Ana kovu toka kitovuni hadi chini. Kubeba mzigo mzito hawezi hadi leo, naye alikuwa mtu wa kubeba magunia kwa raha. Alipopata fahamu nilimweleza kilichokuwa kikombeni. Alilia, nadhani kwa nafuu kwanza, kisha kwa hasira. "Kwa hiyo ningekwenda siku ya kwanza," akasema. "Ningekwenda na wala pasingekuwa na kitu." Kisha akanitazama kwa huruma, ndiyo, kwa huruma, akasema, "Na wewe maskini alikudanganya mpaka ukaona dari inashuka."

Nikasema ndiyo, alinidanganya.

Bwenini nilipita mlango kwa mlango. Nilisimulia kila kitu, huomaren, haluli, viatu alivyokuwa akivitazama, na sitajifanya kwamba sikufurahia. Cha ajabu, kila mtu alikuwa akijua. "Mimi nilijua tu," akasema Mkenya, yule wa kuta. "Hiyo kitu haikuwa na stima, haikushika kichwa." Watu waliokuwa wakibisha hodi kwa Daktari wakiwa wameshika vikombe sasa walipishana naye kwenye ngazi kama wanapishana na ndoo ya maji machafu. Idi ile hakuna aliyepika pilau. Muhula ulipokwisha alibeba sanduku lake lenye kufuli akahama, na tukasikia yuko Kangle, kwenye soko la vitambaa, anawatafsiria wanunuzi wa vitambaa. Shahada hakuipata. Tulicheka sana.

Nyumbani kaka alimgeuza Daktari kuwa hadithi. Harusini, msibani, dukani, anafunua shati na kusimulia. Ni hadithi nzuri, na mimi nimo ndani yake: mdogo mtu mwaminifu, aliyedanganywa, aliyembeba kaka yake kwenye blanketi. Anaisimulia hivyo kila mara, na kila mara inaishia pale pale. "Ila lile jitu halijawahi kukiri. Ukimwona huko China, muulize kama anakiri. Sitaki kingine."

Nilimwona. Miaka ilikuwa imepita, na mimi uhandisi niliousomea nilikwishauweka kando, nafanya biashara kama kaka. Nilikuwa Kangle natafuta satini, napita kwenye kichochoro chenye cherehani kila mlango na mabunda ya vitambaa yakipita juu ya baiskeli. Akawa amekaa nje ya karakana moja kwenye kigoda, na chupa ya chai miguuni. Koti hakuwa nalo. Bila koti alikuwa mtu mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mwenye mvi, amevaa fulana ya kampeni ya uchaguzi wa nyumbani.

Sikumpa shikamoo.

"Marahaba," akasema.

Alivuta kigoda cha pili. Akachukua kikombe, akakisuuza, akamimina kutoka kwenye chupa. Nilikitazama kile kikombe.

"Maji ya moto," akasema. "Matupu. Unaona hadi chini."

Niliketi. Nilikuwa nimelitayarisha swali langu kwa miaka. "Kaka yangu anataka kujua kama unakiri."

"Anaendeleaje?"

"Yuko hai."

"Alhamdulillah." Nikangojea msemo, lakini haukuja. "Nakiri," akasema. "Mwambie nilimkosea. Nilimpa haluli mtu mwenye kidole tumbo, na nikaona aibu siku mbili nzima kusema neno nililolisema siku ya tatu. Mwambie sina utetezi. Akitaka nimpigie simu nimwombe radhi, nipe namba."

Sikutegemea hivyo. Nilikuwa nimekuja na matusi yaliyonolewa, na sasa yalikosa pa kuchoma. Nikasema, "Kwa nini lakini? Kwa nini kutudanganya tangu mwanzo?"

Akacheka kidogo, bila furaha. "Ulikuwa utani. Zile mbegu nilinunua pale pale getini kwa bibi. Nikasema niwaambie hawa vijana ni bangi, nione nani atacheka kwanza. Hakucheka mtu. Mwingine akaona hiki, mwingine kile. Yule wa Nairobi akaona kuta zinalia. Nikashangaa, loh, nitawaambiaje sasa?" Akanywa maji yake. "Halafu ikaja zamu yako."

Cherehani za ndani zilikuwa zikikimbia.

"Mimi nilikuwa najua haina kitu," akasema, kwa upole kabisa, kama alivyokuwa akinisahihishia maneno ya Kichina. "Kaka yako hakuniuliza mimi siku ile. Alikuuliza wewe. Ile dari, mdogo wangu, uliiona kweli?"

Niliyanywa yale maji. Yaliniunguza ulimi na nikayamaliza. Nikasema nina haraka, kuna mtu ananisubiri na sampuli za satini. Namba ya kaka hakuipata. Alinisindikiza hadi mwisho wa kichochoro, kama alivyokuwa akimsindikiza kila mtu, akamwambia dereva wa teksi kwa Kichina asinizungushe.

Jioni kaka alipiga simu kuuliza habari za satini. Nikamwambia bei, nikamwambia rangi. Kisha, sijui kwa nini, nikamwambia nimemwona Daktari.

"Weee!" Nilimsikia akikaa kitako. "Ulimuuliza? Alikiri?"

"Hakukiri," nikasema.

"Nilijua," akasema kaka. "Mtu wa namna ile hakiri hata siku moja."